Chaki Niliyoideki

Sijui kama haya yanafaa kuandikwa na mtu kama mimi. Shule yangu iliishia darasa la sita, na Kiswahili changu cha kuandika ni kilekile cha kusema, ila kimevaa viatu. Lakini nimekuwa na daftari tangu nilipobaki peke yangu London, na jambo hili nimeshaliandika mara tatu. Kila nikirudia kulisoma naona nimejipendelea. Hii ni mara ya nne.

Kaka yangu ndiye aliyenileta. Baada ya Mapinduzi tulitoka Unguja mmoja mmoja, kila mtu kwa njia yake, na yeye alipopata pa kuegemea akaniita. Miaka michache baadaye akapata kazi Maskati. Akafunga mizigo, mke na watoto, akaniambia, "Twende, dada yangu. Hapa pana nini?" Nikamwambia nina kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kufagia na kudeki shule ya jioni ya watu wazima, upande wa Kingsbury. Si kazi ya kumfanya mtu amwache nduguye. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kufunga mizigo, na nilidhani upweke ni kitu cha mwezi mmoja miwili, kama mafua ya huku.

Nilipanga chumba Wembley kwa mama mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, cha haraka, na alikuwa ndiye mtu pekee niliyesema naye lugha yangu. Lakini yeye alikuwa na watoto wanne, mkwe, na jiko lisilopoa, kwa hiyo maneno yetu yalikuwa ya kupishana kwenye ngazi. "Dada, bomba la bafu umefunga?" "Nimefunga, mama." Kuna wiki Kiswahili changu chote kilikuwa hicho.

Pale shuleni palikuwa na mwalimu wa kuchora, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, mrefu, koti lake limejaa madoa ya rangi. Hakuwa Mwingereza. Alitoka Hungaria, na Kiingereza chake kilikuwa kizito kama changu, ila uzito wake ulikuwa mahali pengine. Alifundisha Jumanne na Alhamisi. Alipanga chupa, chungu na kabichi juu ya meza, na wanafunzi wake, makarani na wauguzi na kondakta mmoja wa basi, walivichora mpaka kabichi ikanyauka. Picha zake mwenyewe, zilizoegemezwa ukutani, zilikuwa vivyo hivyo: meza, madirisha, kabichi. Hapakuwa na mtu hata mmoja ndani yake. Mimi nilidhani hajui kuchora watu.

Siku moja nikiwa nadeki, nimeegemea mpini nipumzishe mgongo, akaingia akasema kwa sauti, "Simama! Kaa hivyo hivyo!" Nikajua nimeharibu kitu. Kumbe alikuwa anatafuta penseli mfukoni. Alipomaliza aliniomba nije Jumamosi asubuhi, shule ikiwa tupu, nikae anichore kwa rangi za mafuta. Nitalipwa kama wanavyolipwa watu wanaokaa madarasani wakachorwa. Nilifikiri kidogo, nikamuuliza, "Nguo zangu zote zitabaki mwilini?"

Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Madam," akasema, "hata koti, ukitaka."

Nilipomweleza mama mwenye nyumba, alisimama katikati ya ngazi na kapu la nguo.

"Unakaa tu? Hufanyi kitu?"

"Sifanyi kitu."

"Na analipa?"

"Analipa."

"He Ram! Mimi nimekaa na baba watoto miaka ishirini, hata kikombe cha chai hanipi!" Akaanza kushuka, kisha akageuka. "Dada, mwambie pua achore ndogo kidogo, ee? Usikubali kama ilivyo."

Basi nikaanza kwenda. Kiti kiliwekwa karibu na dirisha lisilofikiwa na jua, kwa sababu alisema jua ni mwongo, linabadilika kila dakika. Mwanzo nilimtesa. Mlinzi wa jengo, mzee wa Kiayalandi, alikuwa akipitia na funguo zake, na kila akiingia mimi nasimama nimwamkie. Kwetu mtu mzima haingii ukabaki umekaa umemkodolea macho. Mwalimu alitupa brashi chini. "Madam! Wafalme wa Ulaya walikaa wakachorwa, hakuna aliyesimama!" Nikamjibu, "Labda walinzi wao walikuwa wadogo kwa umri." Alicheka mpaka akakohoa, lakini tatizo likabaki palepale, kwani nikishasimama na kukaa tena, mkono haurudi ulipokuwa.

Ndipo alipopiga magoti na chaki. Alizungushia miguu ya kiti, akazungushia viatu vyangu, kama unavyozungushia mkono wa mtoto kwenye karatasi, akaweka na alama mbili pale kiwiko changu kilipoegemea. Kisha akanyanyuka kwa kushikilia meza. "Hii chaki," akasema, "usiiguse. Deki Uingereza yote. Hapa, hapana." Maana Jumamosi mchana, nikishamaliza kuchorwa, nilikuwa navua mtandio mzuri, navaa wa kazi, nachukua ndoo na dekio na kuanza kusafisha chumba kilekile. Kwa Jumamosi nyingi nilideki nikiizunguka ile chaki kama mtu anavyolizunguka kaburi.

Sasa nieleze hizo saa mbili zilikuwaje, maana bila ya hivyo sitaeleweka. Huku London watu hawakutazami. Sisemi wana ubaya. Ndani ya basi kila mtu hutazama juu ya kichwa cha mwenziwe, na nadhani ni adabu yao, la sivyo wangechoka kwa wingi wao. Lakini mtu akikaa hivyo miaka, anaanza kujiona amefutika. Mwalimu alinitazama. Sikutazamwa kama mwanamme anavyomtazama mwanamke, na hili nalisema wazi kwa haki yake, hakuwahi. Alinitazama kama seremala anavyoutazama ubao kabla hajaupiga msumeno. Alijua nyusi yangu ya kushoto iko juu kuliko ya kulia. Alijua nikiwaza nyumbani mdomo wangu unaingia ndani. "Umeondoka tena," alikuwa akisema. "Rudi." Nami hurudi. Tangu mama yangu afariki hapakuwa na mtu aliyejua nimeondoka au nimerudi.

Tulizungumza kidogo kidogo. Aliniambia vifaru vya Warusi viliingia mjini kwao, akatoka na begi moja la brashi, na tangu siku hiyo hakuchora mtu. Alijaribu, akasema, kila uso ukawa uso wa mtu aliyemwacha. Mimi ndiye wa kwanza tangu hapo. Akaniuliza na kwetu ilikuwaje. Nikamwambia siku za Mapinduzi watu wenye silaha waliingia mtaani kwetu, nikamwambia na kaka yetu mkubwa, siye huyu wa Maskati, hakurudi. Halafu sikutaka kuishia hapo, nikamwambia pia kwamba nyumbani kwetu mlikuwa na watu waliotupikia na kututekea maji, nami sikuwahi kuuliza wao wanalala wapi. Alisimamisha brashi. "Kwa nini unaniambia hilo?" Nikasema, "Kwa sababu ukinihurumia, unihurumie kwa hesabu sahihi." Sijui kama Kiingereza changu kilifikisha maana. Aliitikia kwa kichwa.

Ikafika Jumamosi moja ya Oktoba. Uso ulikuwa karibu kwisha. Nilikuwa nimeiona picha mara mbili tatu, na nilipoiona niliogopa, kwani alikuwa ni mimi. Mwalimu alifuta mikono kwa tambara lenye tapentaini, akasema kwa furaha, "Jumamosi ijayo, madam. Ikizidi sana, na ile inayofuata. Halafu uko huru."

Akaondoka. Nikavaa mtandio wa kazi. Nikajaza ndoo maji ya moto, nikatia sabuni, nikaanza kwenye mlango kama kawaida. Na nilipofika kwenye kiti nikakisogeza ukutani, nikadeki pale kilipokuwa, nikakausha.

Katika daftari la kwanza niliandika kwamba nilisahau. La pili nikaandika kwamba nilikuwa na homa. La tatu nikaandika mambo ya dini, kwamba moyo ulikuwa unanisuta kuhusu sura ya kiumbe chenye roho kubaki ukutani. Ni kweli moyo ulinisuta, tena mara nyingi. Lakini siku ile sikuwa nafikiri dini, na sitaki kumsingizia Mungu kazi ya dekio langu. Nilikuwa nafikiri Jumamosi ile nyingine, ya baada ya picha kwisha. Mkono ulikwenda, nami nikautazama ukienda.

Alipokuja wiki iliyofuata alisimama mlangoni muda mrefu.

"Iko wapi chaki?"

"Nimesahau, mwalimu. Nimedeki."

Hakunigombeza. Alikisogeza kiti huku, akakisogeza kule, akaniketisha, akanigeuza kidevu kwa kidole kimoja, akarudi kwenye picha, akaja tena. Kiasi cha nusu saa. Mwisho alichukua kisu chembamba cha rangi akaukwangua uso wote, ukabaki ukungu wa rangi ya udongo. "Tutaanza tena," akasema. Na mimi, nikiwa nimekaa pale nimeinamisha macho, nilifurahi. Naliandika hili kwa sababu ndilo gumu zaidi. Nilirudi Wembley kwa basi nikiwa na furaha, nikanunua maandazi ya Kihindi nikampelekea mama mwenye nyumba, akaniuliza kama nimeposwa.

Lakini uso haukurudi. Kila Jumamosi aliupaka, na kila Jumamosi aliukwangua. Alisogea karibu na picha mpaka pua yake ikapata doa. Nilidhani ni baridi inayomharibia kazi, maana hita ya mafuta ya taa pale ilikuwa na moshi kuliko moto. Mpaka siku moja mwezi wa Desemba nilifika mapema, nikatundika koti langu kwenye msumari, nikakaa kitini tayari. Akaingia, akavua kofia, akaliinamia lile koti. "Habari za asubuhi, madam," akaliambia.

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Hakucheka. Aligeuka polepole kufuata sauti yangu, akaja akakaa juu ya meza, pembeni ya kabichi.

Alisema daktari alishamwambia tangu kiangazi kwamba katikati ya macho yake panakufa. Pembeni patabaki. Hapana dawa wala kupasuliwa. "Nikikutazama usoni," akasema, "naona mtandio, naona masikio. Uso haupo." Kisha akasema, bila ya lawama yoyote, kama anayeeleza darasani, "Ile chaki haikuwa kwa ajili yako. Wewe unajua kukaa. Ilikuwa kwa ajili yangu. Kila kitu kikiwa palepale, mkono unakumbuka kile ambacho jicho haliwezi. Mwezi wa Oktoba nilikuwa bado na jicho la wiki mbili."

Wiki mbili. Alihitaji moja.

Ningeweza kunyamaza, na asingejua mpaka kufa. Nilitamani ninyamaze. Nikasema, "Mwalimu, mimi sikusahau."

"Nini?"

"Chaki. Niliifuta nikiwa najua."

Nje mlinzi alikuwa anaburuta pipa.

"Kwa nini?"

"Picha ikiisha, Jumamosi ningekwenda wapi?"

"Kwangu!" akasema, na sauti yake ilipasuka. "Ungekuja kwangu! Nina kochi, nina chai, nakaa vituo vinne kutoka hapa!"

"Hukunialika."

"Nilidhani unakuja kwa ajili ya malipo."

Mimi, mtu wa Unguja, niliyelelewa katika nyumba ambazo mtu hupiga hodi akaingia na kama chakula kipo atakula, nimekaa London nikingoja kualikwa kama Mwingereza. Na yeye, ambaye kwao pia, aliniambia baadaye, jirani huingia kwa mlango wa jikoni, alikuwa anangoja vilevile. Lakini siku hiyo hatukuwa na nafasi ya kuyaona hayo. Alisimama, akanielekeza mlango ambao sidhani aliuona vizuri. "Nenda nyumbani, madam." Nilimwomba radhi. Hakuitika, na nadhani alikuwa na haki yake.

Shule ilifungwa, ikafunguliwa. Jumamosi nilideki chumba kitupu. Mama mwenye nyumba aliniuliza, "Mzungu amemaliza pua?" Nikamwambia amemaliza. Huo nao ni uongo, niuandike.

Jumanne moja alinisimamisha kwenye ukumbi, nina ndoo mkononi. Hakunisalimu. "Una macho?" akauliza.

"Ninayo, mwalimu."

"Basi niazime."

Hakuwa amemwambia mtu yeyote pale shuleni. Alitaka awafikishe wanafunzi wake mwisho wa mwaka. Basi ikawa kila darasa mimi napita nyuma ya wanafunzi na tambara langu, nafuta sinki, nafuta madirisha, na yeye anakuja sinki kuosha brashi zisizo na uchafu.

"Yule wa miwani," nanong'ona, "chungu chake kinaanguka."

"Kinaanguka upande gani?"

"Wa mlangoni."

"Na kondakta?"

"Kabichi yake nzuri kuliko kabichi yenyewe. Chupa ndiyo imenenepa."

Anakwenda pale, anasimama kando, anasema kwa sauti yake ya kifalme, "Bwana, chupa yako imekula sana." Na kondakta anashangaa, "Mwalimu umeionaje kutoka kule?" Siku nyingine nilichanganya viti, akamsifu muuguzi kwa kivuli ambacho hakukichora. Yule dada aliitazama karatasi yake, akamtazama mwalimu, akasema asante. Darasa lilipokwisha mwalimu aliniambia, "Umenifanya mjinga." Nikasema, "Na wewe unategemea mfagiaji akwambie habari za kabichi." Akatabasamu kidogo. Hilo lilikuwa la kwanza tangu Desemba.

Sijui kama tulifanya haki. Wale watu waliamini wanasahihishwa na mchoraji, kumbe wanasahihishwa na mimi. Yeye alisema macho ni macho, kinachofundishwa ni namna ya kutazama, na kweli alinifundisha: tazama uwazi uliopo kati ya chupa na chungu kabla ya kuvitazama vyenyewe. Mpaka leo natazama hivyo, hata foleni ya posta. Lakini wanafunzi hawakuulizwa.

Kiangazi alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa shule akamweleza, kabla hajagunduliwa. Wakamfanyia chai na keki. Kisha watu wa kwao wakampatia nafasi katika nyumba ya wazee wao, kusini ya mto, mbali kupita Peckham. Nilibadilisha mabasi matatu kwenda kumwona, na safari hiyo sikungoja kuitwa.

Nilimkuta sebuleni na wenziwe. Sikumjua kwanza. Alikuwa anaongea kwa haraka, mikono inaruka, watu wanamkatiza naye anawakatiza, na akicheka alicheka na tumbo lote. Kumbe hivi ndivyo alivyokuwa katika lugha yake. Miezi yote ile nilikuwa nimekaa na nusu yake tu, kama na yeye alivyokaa na nusu yangu. Nilimfurahia. Na nilimwonea wivu, si kidogo.

Picha ilikuwa imetundikwa juu ya kiti chake. Mtandio umekwisha, mikono imekwisha, hata kovu dogo la kisu kwenye kidole changu gumba lipo. Uso ni ukungu. Alinitambulisha kwa bibi mmoja wa kwao, mwenye shanga shingoni, naye bibi akanikamata mkono kwa viganja vyote viwili. Kisha yule bibi akainua macho kwenye picha, akanitazama mimi, akaitazama tena, akamuuliza neno. Mwalimu akamjibu kwa ufupi, na bibi akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Amesemaje?" nikamuuliza.

"Ameuliza mbona mama huyu hana uso."

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia muda uliniishia."

Si kweli. Muda alikuwa nao, mimi ndiye niliyeuchukua. Nilitaka kumwambia yule bibi, alikuwa bado amenishika mkono, lakini lugha yao sikuwa nayo. Wakaendelea na mazungumzo yao, nami nikanywa chai.